Ncha Niliyoipiga Tupa

Wiki ile ya majaribio niliitaka kazi kuliko kitu chochote tangu nifike Brussels. Miaka mitatu nilikuwa nasafisha ofisi, mimi niliyekuwa nafungua redio kwetu Bukavu kabla sijajua kusuka nywele. Kisha fundi mmoja wa Bujumbura, mzee ambaye kila mtu alimwita tonton, yaani mjomba, akakubali kunijaribu siku tano kwenye karakana yake ya redio, mtaa wa Anderlecht.

Siku ya kwanza alinionyesha chuma cha kulehemu, akatoka kufuata mizigo. Ncha yake ilikuwa imechafuka, na mimi uchafu hunipanda kichwani. Baba yangu, fundi redio, alinifundisha kuwa kazi haianzi kabla ncha haijapigwa tupa mpaka shaba ing'ae. Basi nikaipiga. Iling'aa, nikajipongeza.

Siku ya pili risasi, ile ya kuyeyusha na kuungia nyaya, ilikataa kushika. Ilijiviringa na kudondoka mezani, na ncha ikawa nyeusi yenye vishimo. Nikaongeza moto, nikakandamiza, ukaidi wangu wa kila siku, mpaka nikabandua njia ya shaba inayopitisha umeme kwenye bodi ya redio ya mteja. Hapo nikajua kazi imeniponyoka.

Ningeweza kusema nilikikuta chuma hivyo. Nilifikiria kusema hivyo, siwadanganyi. Lakini tonton aliporudi, mdomo ulinitangulia.

"Tonton, nimeharibisha. Nilipiga ncha na tupa."

Akavaa miwani, akaitazama. "Nani alikufundisha kazi?"

Swali hilo nililiogopa kuliko kufukuzwa. Nitukane mimi, lakini baba mwache.

"Ni papa yangu," nikasema.

"Bon. Papa alikufundisha muzuri. Ncha za kule ni shaba mpaka ndani, donc zinatakaka tupa. Hii iko na ngozi ya chuma juu. Ukitosha ile ngozi, ukiitoa na tupa, imekufa. Na mimi niliuaka mbili hivyo hivyo."

Tukazima, tukasubiri ipoe. Akaniachia nilegeze kishikio mwenyewe na kuchomeka ncha mpya. Ilipoanza kupata moto akanipa risasi niivike ncha papo hapo. Tangu siku hiyo naifuta kwenye sponji yenye unyevu, na jioni sizimi chuma kabla sijaipaka risasi. Bodi ya mteja aliiunga mwenyewe kwa kipande cha waya, bila kununa.

Ijumaa akaniambia nirudi Jumatatu. Nipo pale mpaka leo, na namshukuru kwa kazi. Kwa jibu lile namshukuru zaidi, na sijawahi kupata namna ya kumwambia.

Jioni hiyo ya Ijumaa nilimpigia baba. Nikamweleza nimeipata kazi, na kwamba mkubwa wangu, fundi wa Ulaya mwenye karakana yake, amesema baba alinifundisha vizuri.

 Akasema mtandao ni mubaya, nirudilie.

Mtandao ulikuwa safi kabisa. Nikarudia.