Kamba ya Ruphin

Symphorien alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mitambo ya umeme ya Koni. Kazi yake ilikuwa kutazama mishale ya vipimo na kuandika kila saa katika daftari la zamu: sawa, sawa, sawa, imepanda kidogo, sawa. Alipostaafu, mkono ukabaki unatafuta daftari. Kwa hiyo siku Sista Josée wa parokia alipotangaza baada ya misa kwamba wanatafutwa watu wazima wa kujitolea kuwaongoza vijana waliokimbia vita vya mashariki, na kwamba kila mwezi kutakuwa na fomu ya kujaza, Symphorien alinyoosha mkono kabla hajaelewa kazi yenyewe. Ni fomu iliyomvuta, wala hakumficha mtu.

Kijana wa kwanza aliyepewa aliitwa Doudou. Alikaa wiki tatu, akasema anaenda kununua sabuni, akaenda Kamatanda kuchimba madini. Kwenye fomu, swali la nne, "Je, kijana amezoea mazingira?", Symphorien aliandika: "Sana." Sista Josée akamwita, akamweleza taratibu kwamba kazi ya mlezi ni kumshika kijana mpaka amalize shule, na kwamba wa pili akipotea, hatapewa wa tatu. Symphorien aliumia. Miaka yote ya Koni hakuwahi kupoteza hata bisibisi.

Wa pili alikuwa Idriss, miaka kumi na minane, kutoka Uvira. Alifika Likasi na shangazi yake Fatou, na begi la mgongoni ambalo hakulivua hata akiwa amekaa. Baba yake alibaki Uvira siku ile watu walipokimbia bila kuzika. Kabla ya Likasi walijaribu Kalemie, wakajaribu Lubumbashi, na kote huko, alisema Fatou, kijana aliamka siku moja akaondoka bila kuaga, eti ameona dalili. Dalili za nini, hakusema, na Fatou alichoka kumfuata. Sasa alikuwa mwaka wa sita wa sekondari. Exetat, mtihani wa serikali, ulikuwa umebakiza miezi mitano. Akikaa, ataufanya. Akiona dalili nyingine, basi.

Chumba walichopanga mtaa wa Kikula kilikuwa na watu saba, kwa hiyo kila siku baada ya shule Idriss alikuja kusomea barazani kwa Symphorien. Mzee akamfundisha mji kama mtu anavyokabidhi zamu. Bomba gani linatoa maji siku gani. Mwalimu gani anataka kusalimiwa kwanza na yupi hataki kusumbuliwa. Kwamba huku tunakula bukari, yaani ugali, ya mahindi, na ukimwomba mtu unga wa muhogo atakuuliza kama unaumwa. Alimfundisha kila kitu isipokuwa kimoja, kwa sababu hakujua kwamba hicho nacho hufundishwa. Hakumfundisha Ruphin.

Ruphin alikuwa seremala wa ng'ambo ya barabara, mtengeneza majeneza. Yeye ni wa ukoo wa Chui, Symphorien ni wa ukoo wa Mbuzi, na tangu mababu koo hizo mbili ni watani. Chui humtukana mbuzi mbele za watu, mbuzi humwibia chui kuku, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mmoja akifa, mwenzake ndiye anayemzika, na huko makaburini nako anamtania. Mtani hodari hacheki anaposema. Ruphin alikuwa hodari sana.

Jumanne moja akaja na kamba.

"We mbuzi, simama nipime."

"Ulinipima mwezi yenye kupita," akasema Symphorien, akisimama.

"Unaisha kukonda. Nitabakisha libao moja. Siku ya ine nitakuzika, misumari iko tayari."

"Ngoja basi nimalize chai."

Symphorien akasimama wima, mikono ubavuni, kama mtoto anayeshonewa sare. Ruphin akampima kichwa mpaka kisigino, akafunga fundo kwenye kamba, akachukua parachichi lililokuwa mezani, akaenda zake. Idriss alikuwa ameweka kalamu chini.

"Papa, huyu mtu ni nani?"

"Huyu? Ndio Ruphin," akajibu Symphorien, akaona amejibu vya kutosha, akarudia chai yake.

Jumatano Idriss hakuja. Symphorien akangoja, akavaa viatu, akaenda Kikula. Fatou akamwambia kijana ametoka alfajiri na begi lake, na shuleni hawajamwona. Mzee akaenda mpaka zinaposimama pikipiki za Kamatanda, akauliza dereva mmoja mmoja, akieleza begi kwanza halafu mtu. Hakuna aliyemwona. Aliogopa. Hakuogopa fomu wala Sista Josée. Aliogopa kwamba kijana atalala mahali bila kuwa na mtu wa kumuuliza amekula nini, na woga huo ulimshangaza, maana hakuwa ameuandika popote.

Akirudi, alipita mbele ya ofisi ya chefu wa mtaa. Chefu mwenyewe alikuwa mlangoni, amechoka.

"Papa Symphorien, ingia. Kuko mutoto hapa tangu asubui. Anasema hataondoka mpaka niandike."

Idriss alikuwa kwenye benchi, begi mgongoni. Chefu akasoma alichokwisha kuandika, kwa sauti ya ofisi: Bwana Ruphin, seremala, alimpima Bwana Symphorien kwa kamba, akataja siku ya kumzika, Alhamisi, akasema misumari anayo. Akaondoka na parachichi.

"Huyu mutoto, ulimuambia namna gani?" akauliza chefu.

"Sikumuambia kintu," akasema Symphorien, na hapo ndipo alipoelewa.

Idriss hakumtazama. "Papa, mimi ninajua vile inaanzaka. Kwetu pia jirani alianza na maneno. Watu walikuwa wanacheka. Kisha akataja siku." Akashika mkanda wa begi. "Kila mara mimi nilikimbia peke yangu. Baba yangu nilimuacha. Wewe siwezi kukuacha."

Chefu akatafuta kitu kwenye droo ya meza. Symphorien akakaa kwenye benchi karibu na Idriss. Kijana huyu aliona dalili, na safari hii hakuondoka.

Kisha akamweleza. Chui na mbuzi, mababu, kuku. Akamweleza jinsi mkewe Émérence alipofariki, na kaburi likiwa tayari, Ruphin alivyoshuka akalala humo ndani, akasema hatoki mpaka aletewe bia, maana mbuzi ni wachoyo na marehemu alikuwa na deni lake la maandazi. Watu waliolia siku mbili wakacheka. Symphorien naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichompa miguu ya kurudi nyumbani. Kisha Ruphin akatoka, akajipangusa udongo, akamzika Émérence vizuri, wala hakubakisha ubao.

"Na ikifika siku ya ine?" akauliza Idriss.

"Ikifika siku ya ine, atasema siku ya tano. Tangu miaka makumi ine anasema vile."

Idriss akarudi kusoma. Lakini habari ilivuka barabara, na Ruphin akaona haya. Kumtisha mtoto aliyetoka vitani! Alhamisi akapita mbele ya baraza, akavua kofia.

"Bonjour, monsieur Symphorien."

Symphorien akaitazama kofia ile mpaka ikavuka barabara. Ijumaa tena: bonjour, monsieur. Wiki nzima, na wiki ya pili. Hakuna kamba, hakuna matusi, maparachichi yakaoza mezani. Kusalimiwa kwa heshima na mtani wako ni kama kusomewa misa ya wafu ukiwa bado umekaa. Symphorien akaanza kuacha bukari katikati ya sahani. Alisema ni joto.

Idriss alikuwa mjuzi wa dalili, na hizi alizisoma vilevile. Jumamosi moja akafunga kitabu, akavua begi, akalitundika kwenye msumari wa barazani, akavuka barabara mikono mitupu. Symphorien alisikia randa ikinyamaza. Walichoongea hakusikia, na baadaye hakuna kati yao aliyemwambia. Baada ya robo saa randa ikaanza tena.

Kesho yake Ruphin akaja na kamba.

"We mbuzi! Bananiambia haukuli tena. Ndio vizuri, jeneza itakuwa nyepesi. Simama!"

Symphorien akasimama haraka kuliko heshima ya umri wake inavyoruhusu. Ruphin akapima, akafunga fundo, akachukua parachichi. Kisha macho yake yakamwangukia Idriss.

"Na huyu, anakulaka bukari ya nani?"

"Yangu," akasema Symphorien.

"Basi naye iko mbuzi."

Kamba ikapanda kidogo kuelekea kwa kijana, halafu ikasimama hewani. Ruphin akaona alichokuwa karibu kufanya, akaishusha. Uso wake ukaanza kurudia ule wa bonjour. Symphorien akashika kiti.

Idriss akainuka. Akachukua parachichi mkononi mwa Ruphin, akalirudisha mezani.

"Papa Ruphin," akasema, bila kucheka hata kidogo, "mimi niko mwana-mbuzi, sina nyama bado. Rudi Exetat ikiisha. Na siku hiyo ukuje na meno, maana naona umebakiza mawili."

Ruphin akamtazama muda mrefu. Akageuka kwa Symphorien.

"Huyu atanizika mubaya," akasema, akavuka barabara, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kabla hajafika upande wa pili.

Mwisho wa mwezi Symphorien alijaza fomu mezani, Idriss akisoma fizikia upande wa pili, begi likiwa msumarini. Umri, shule, afya: sawa, sawa, sawa. Akafika swali la nne, "Je, kijana amezoea mazingira?" Akafikiri sana, kwa sababu nafasi ilikuwa mstari mmoja tu, kisha akaandika: "Amemtukana jirani."