Mutaliana kwenye Foleni ya Esansi

Ilianza Jumanne, saa kumi na robo ya jioni, na kabla ya yote ilikuwa harufu. Upande wa pili wa barabara walikuwa wanachemsha mawese, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walikuwa wameanikwa kwenye turubai mpaka karibu na mtaro, na juu ya hayo lami ilikuwa inanuka jua la kiangazi. Harufu moja tu ilikosekana, ya esansi, ndivyo tunavyoiita petroli hapa Rumonge, na kwa kukosekana kwake magari yalikuwa yamejipanga kuanzia kituo cha mafuta mpaka kupita soko, yote yamezimwa, milango wazi. Saa ninaikumbuka kwa kuwa mwaka ule ndipo nilipoanza kuandika shajara, na msichana anayeanza kuandika shajara huandika saa hata ya kunywa chai. Siku hiyo niliandika mstari mmoja tu: Jumanne, saa kumi na robo, Baba amesema sentensi nzima.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama tulimzika mwezi wa nne, mvua ikinyesha, na tangu tulipotoka makaburini Baba alibakiwa na maneno machache sana. Alisema ndiyo, alisema bado, alisema weka hapo. Watu walidhani ni matanga, kwamba siku ya kuganduka, yaani kuondoa matanga kwa desturi yetu ya Kirundi, ulimi wake nao ungefunguliwa. Mimi sikudhani kitu. Sikulia msibani, na hata sasa ninapoandika sisikii kile ambacho wengine husema wanakisikia; ni kama mkono ulioulalia ukafa ganzi. Dada yake Baba, Shangazi Leya, ndiye aliyekuja kutupikia. Alimwambia mbele yangu kwamba mtoto wa kike halelewi katika nyumba isiyo na sauti, na kwamba angenichukua kwake Muhuta nisomee huko. Akamwuliza kama ana neno. Baba aliangalia sahani yake. Akamwuliza tena siku nyingine, na nyingine, na kwa kuwa kunyamaza ni kukubali, wakaachia hapo: gari la Baba likipata esansi, safari yake ya kwanza itakuwa kunipeleka Muhuta. Mfuko wangu ulifungwa ukawekwa nyuma ya mlango. Nilikuwa naupita kila nikienda kuoga.

Kwa hiyo foleni ile, ambayo kila mtu aliilaani, mimi nilikuwa na sababu ya kuipenda, ingawa neno kupenda ni kubwa mno kwa nilivyokuwa. Foleni ilikuwa na sheria zake. Betri unaitoa unalala nayo, la sivyo asubuhi huikuti. Injini haiwashwi hata kama mbele pamepatikana nafasi. Gari linasukumwa kwa mikono, kwa kuwa kile kidogo kilichobaki kwenye tangi ndicho cha kukufikisha nyumbani ukikosa. Na mwenye gari awepo. Gari la mbele likisogea na lako halina mtu kwenye usukani, wa nyuma wanakuzunguka wanapita, na hakuna wa kumlalamikia. Asiyekuwepo na lake halipo. Baba alilala humo. Mimi nilimpelekea ugali wa muhogo na maharage, na alipokwenda kunawa au kusali nilikaa kwenye kiti chake nikashika usukani, miguu haifiki chini. Nilikuwa mtoto mwenye haya, wa kujibu kwa kichwa, lakini kukaa ndani ya gari lisilokwenda hakuhitaji maneno.

Gari lililokuwa nyuma yetu lilikuwa teksi ya Bukuru, kijana mnene anayeongea huku anatafuna, na kando ya magari yetu mawili ilikuwepo baraza ya duka la kina Nasri, ukoo wa Waarabu wa Omani waliouza sabuni na vitenge hapo tangu enzi za babu zao. Nasri alikuwa hana gari lolote. Alikuwa na simu kubwa, na alikuwa amekwenda mara moja kwa wajomba zake Maskati, na huko, kwenye taa za barabarani, aliliona kwa macho yake gari la Kiitaliano ambalo Bukuru alikuwa analijua kwenye video tu. Jina lake kila mmoja alilitamka kivyake, wakazozana, mwisho wakakubaliana kuliita Mutaliana. Injini ya mitungi kumi, iko nyuma ya viti, chini ya kioo, kama keki dukani. Walikuwa wameanza kulijadili tangu asubuhi. Nasri alisema Mutaliana la kweli ni lile lisilo na paa, kwani sauti yake ndiyo nusu ya gari, na mwenye kufunga paa anamwachia jirani utamu wote. Bukuru akamwambia bila paa kwa barabara yetu, vumbi hili na jua hili, utafika Nyanza-Lac umekuwa samaki, mukeke wa kukaanga, bado chumvi tu. Yeye alitaka lile jepesi, lenye bawa nyuma, la kukimbizia kwenye viwanja vya mashindano.

"Wameitoa kila kitu," Bukuru alisema. "Redio hakuna, kapeti hakuna, hata mushikio ya mulango hakuna, iko kamba tu unavuta. Ndiyo gari hiyo."

Baba alikuwa ameegemea boneti letu, amewapa mgongo. Nilidhani hasikii.

"Basi na hili langu ni jepesi," akasema. "Redio sina, kapeti sina, mshikio ulibaki mkononi mwa mteja. Mnaliangalia tu mnanyamaza."

Watu wa barazani waliangua kicheko mpaka baba yake Nasri akatoa kichwa dukani kuona kuna nini. Mimi nilibaki na sufuria mikononi. Ilikuwa sauti yake ile ile, haikuwa na kutu. Nikaangalia saa ya ukutani ndani ya duka.

Tangu hapo alikuwa wao. Ikajulikana kwamba Baba, aliyezaliwa na kukulia kambini Tanzania kama wakimbizi wengi waliorudi, alifundishwa ufundi katika gereji moja ya Kigoma, na kwenye ukuta wa gereji ile palikuwa na picha ya Mutaliana la zamani, la kwanza kabisa, iliyokatwa kwenye gazeti. Aliitazama miaka mitatu akiwa chini ya magari ya watu. Kwa hiyo alikuwa na maoni, na yalikuwa makali. Yeye alitaka la kwanza, la gia za mkono, zile zinazopita katika mfereji wa chuma zikilia tak, tak. Mengine yote aliyaita watoto waliodekezwa. Nasri alimwonyesha kwenye simu jinsi jipya linavyobadilisha gia lenyewe kabla mtu hajapepesa jicho, na Baba akasema gari linalojiamulia gia si gari, ni lifti.

"Na lifti umepanda wapi, mzee?" Nasri akamwuliza.

"Bujumbura. Ilikwama."

Kifo cha wengi harusi, wanasema, na foleni ile kweli ilikuwa harusi. Magari mengine yalipata wasemaji wake. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitoka magari kumi nyuma kuja kusema kwamba lile linalovutwa na magurudumu yote manne ndilo la busara, na Baba akamwuliza kama alinunua suruali kwa busara hiyo hiyo. La magurudumu ya nyuma peke yake, Baba alieleza, linamtisha kidogo dereva, na gari lisilokutisha kabisa hulijali, utaliendesha huku unakula. Hapo wote walimgeukia Bukuru, aliyekuwa anakula. Baba alichora injini vumbini kwa kijiti, akaonyesha kwa nini uzito ukikaa katikati gari hukata kona bila kuyumba, na wanaume wazima walichuchumaa kuizunguka ile michoro wakiogopa kuikanyaga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuligusa gari lile. Hata esansi ya kulifikisha Kigwena, hapo karibu tu, hawakuwa nayo. Lakini mtu akipita akaikanyaga injini ya vumbini, alitukanwa kwa Kirundi na Kiswahili na Kifaransa.

Nyumbani hakuleta hata tone la maneno hayo. Alipokuja kubadilisha shati alikuwa yule yule wa ndiyo na bado. Nilijaribu kumweleza Shangazi kwamba Baba anaongea, anaongea sana, na yeye akasema anaongea na nani, nikasema na Bukuru, kuhusu gari la Italia. Akanitazama kwa huruma. Nadhani hapo ndipo alipoamua kuniongezea sweta kwenye mfuko, kwani Muhuta kuna upepo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata lori la mafuta likaingia. Sikuliona, nilisikia kelele zikitoka mbele kama wimbi, halafu milango ikipigwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti. Baba alikuwa barazani, amesimama, mkono juu, katikati ya neno. Alikuwa amemweka Nasri kwenye kona kuhusu lile lisilo na paa, kwamba wakikata paa inabidi waongeze chuma chini, kwa hiyo unalipia zaidi upate gari zito zaidi. Gari la mbele yetu likasogea. Wa nyuma wakaanza kupiga kelele wapishwe. Nilitoa kichwa dirishani nikaita Baba, na sauti yangu ikawa ndogo kama kawaida, hakuisikia. Aliyesikia ni Bukuru.

"Katoto, shika usukani. Shika tu, nyoosha."

Akaanza kusukuma. Nasri naye akaruka kutoka barazani na kanzu yake akaegemeza bega, ingawa yeye gari hana wala esansi haimhusu, na Baba akawafuata pembeni, mkono mmoja kwenye mlango wangu, bado anamalizia habari ya uzito. Walisukuma wanabishana. Mimi ndiye niliyeliongoza. Mbele niliona pampu na mtu wa kofia ameshika mpira wake, na nilijua kwamba kadiri ninavyonyoosha vizuri ndivyo ninavyokwenda Muhuta. Nikanyoosha vizuri. Sikufikiria kukunja, wala sikusikia uchungu; niliona tu mikono yangu juu ya usukani na nikaona ni midogo. Tulipofika, Baba alinishusha, akafungua kifuniko cha tangi, na akanyamaza. Nilimsikia akinyamaza. Esansi ikaingia, harufu yake ikatupanda puani, watu wakawasha magari yao mmoja mmoja, na baraza ikabaki na maganda ya karanga.

Jioni ile tulikula watu watatu. Shangazi alimwambia Baba kesho mapema basi, kabla ya jua. Baba akasema ndiyo.

Siku hizi nina simu yangu mwenyewe, ndogo, iliyopasuka kona, na mara nyingine nikitoka shule nalitazama Mutaliana. Wamelitoa jipya lenye betri ya kuisaidia injini, na chini ya video watu wa dunia nzima wanagombana. Hawa wanasema la zamani ndilo lililokuwa gari, wale wanasema jepesi, wengine hawataki kusikia jingine ila lisilo na paa. Nasoma maoni yao kwa Kifaransa changu cha shule, na hakuna nililolikuta ambalo halikuwahi kusemwa mbele ya duka la kina Nasri, na kwa ucheshi zaidi. Tofauti niionayo ni kwamba hawa wakimaliza kubishana hakuna anayemsukumia mwenzake gari. Esansi nayo huja na kupotea kama zamani. Foleni zikirudi, watu wamekuwa wakali, kila mtu ndani ya gari lake na simu yake, vioo juu hata kwa joto. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Mama alikuwa amekufa na wanaume walikuwa wanalala wamekaa. Nasema tu kwamba kulikuwa na kelele, na nilikuwa nazihitaji bila kujua.

Asubuhi ile ya Ijumaa, kesho yake baada ya lori kuingia, Shangazi alikaa mbele na mfuko wangu magotini. Mimi niliwekwa nyuma, katikati ya madumu matupu, kwani baada ya Muhuta Baba angegeuza kwenda Kigwena kuchukua mawese. Gari liliwaka mara ya kwanza. Tukapita msikiti, tukapita wanawake wenye mandazi. Nilikuwa natazama shingo ya Baba. Sikujiandaa, neno lilitoka lenyewe, na lilitoka kubwa.

"Baba, mimi naona Mutaliana likipakwa njano ndiyo linapendeza."

Shangazi aligeuka kunitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea. Baba alibadilisha gia. Tukaifikia barabara kuu. Ziwa lilikuwa mbele yetu, kulia ni Muhuta, kushoto ni Kigwena. Akasimamisha gari kupisha baiskeli.

"Njano," akasema. "Nani amekwambia njano?"

"Hakuna. Naona mwenyewe."

"Njano ni rangi ya dumu la mawese."

"Dumu linaonekana kutoka mbali."

"Baba Goreti," Shangazi akasema, "Muhuta ni kulia."

"Najua," alisema, akakata kushoto. "Gari la namna ile halihitaji kuonekana kutoka mbali. Unalisikia kwanza. Ukilipaka njano unalidhalilisha, Goreti, unalifanya la sarakasi."

Shangazi alishika mfuko kwa mikono miwili. Mimi nikasogeza dumu moja nipate kukaa vizuri, nikashika kiti cha Baba kwa nyuma, na nikambishia mpaka Kigwena.