Nélida na Dawa ya Majirani

Dada yangu Nélida aliishi na protini moja kwa muda mrefu kuliko alivyoishi na mumewe, na kusema kweli protini ndiyo iliyotunzwa vizuri. Aliichunguza kwenye seli za saratani ya titi, akiamini ndiyo inayoikuza saratani hiyo, chuoni hapa Rosario, ambako fedha zilikuwa haba hadi mirija ya plastiki ya kutupwa ikaoshwa na kuanikwa kama soksi. Jaribio likimkatalia, alilirudia. Likikataa tena, alilaumu maji, friji, na serikali.

Kisha kampuni ya kutafuta dawa kule Buenos Aires ikamchukua. Wiki ya kwanza walimkuta kwenye sinki akiosha mirija, wakamuuliza kama anajisikia vizuri.

Huko wakampa molekuli ya kuizuia protini yake. Ikaua seli zote za saratani kwenye kisahani cha maabara. Akampigia Mama simu, na hapo ndipo alipokosea. Mama, ambaye aliwahi kuugua saratani hiyo ya titi, alikuja mbio kwenye duka langu la mikate akatangaza mbele ya foleni: "Binti yangu kapata dawa! Ramiro, wape watu mikate, acha ubahili!" Nikagawa bure, roho ikiniuma.

Kule kwenye kampuni, mkuu wa Nélida, Ezequiel, alimuuliza jambo moja tu. "Daktari, ukiiondoa protini yako kwenye seli, molekuli itafanya nini?"

"Haitafanya kitu. Itashika wapi?"

"Umejaribu?"

Hakuwa amejaribu. Alipojaribu, seli zisizo na protini zikafa vilevile, na zenye afya zikafa pia. Akarudia, mazoea ya chuo hayo. Zikafa. Safari hii hakulaumu friji. Aliingia mkutanoni akasema, "Hii ni sumu. Tuiache." Wakampigia makofi kwa kuwaokolea miaka na fedha! Chuoni ungekuwa msiba.

Jumapili akaja nyumbani macho mekundu, kumbe Mama keshaalika mtaa mzima kula nyama choma.

"Mama, ile dawa nimeifuta."

"Umeifuta? Na hawa niwaambie nini, wewe mtoto?"

"Inaua kila seli inayoigusa."

"Hata zangu?"

"Hata zako, Mama."

Nélida akaanza kulia, nami nikalia zaidi yake. Mama akatupita, akatoka kwenda uani.

"Jamani, dawa hakuna," akawaambia majirani. "Binti yangu kaizuia isije ikaniua. Haya, kuleni, nyama inapoa."