Mkwaruzo Katika Spika za Marehemu Riyadh

Fundi Jaffar wa Kibokoni hakuwa na kibao mlangoni, wala hakukihitaji. Ukiwa na spika iliyoharibika, iwe ya msikiti, ya kanisa au ya bendi ya harusini, ungeambiwa tu: mpelekee Jaffar, ana sikio. Hawakusema ana mikono, ingawa mikono anayo. Walisema sikio. Na yeye sifa ile aliipenda kupita kiasi, nisiseme uongo. Ukimwamkia akiwa kazini alikunyamazisha kwa kidole kama mwalimu wa chuoni, na wewe ukanyamaza.

Kazi yenyewe ni hii. Spika kubwa ya besi ina karatasi ngumu ya duara iliyobonyea katikati, na pembeni mwa karatasi hiyo pana ukingo wa sponji unaoiwezesha kucheza mbele na nyuma. Hewa ya chumvi ya mji huu haina huruma na sponji. Baada ya miaka inamumunyuka ukiigusa tu. Jaffar huukwangua ukingo mkuukuu, hupaka gundi, hubandika mpya. Lakini kabla gundi haijashika, lazima karatasi ikae katikati barabara, kwa sababu nyuma yake kuna koili ya waya inayocheza ndani ya upenyo mwembamba wa sumaku. Ikienda upande hata kidogo, koili inakwaruza, na spika haifai tena. Mafundi wengine huishikiza koili kwa vipande vya plastiki. Jaffar huitia spika sauti nzito ya chini, akaisukuma karatasi kwa ncha za vidole huku na huku, akisikiliza, mpaka mkwaruzo uishe. Hapo ndipo huiacha ikauke.

Sasa, tangu Idi kupita, sikio lake la kushoto lilikuwa likififia. Hakumwambia mtu. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na sura na jina: Khubaib. Huyu Khubaib alikuwa fundi wa spika pale Makupa, tena fundi hasa, mpaka masikio yakamwisha. Wateja hawakumgombeza. Waliacha tu kuja, mmoja mmoja, na siku hizi anauza nyaya za kuchajia simu juu ya kimeza, na wahuni wanamsemesha kwa ishara huku wakicheka. Jaffar akienda Makupa huvuka barabara mapema ili asimwone.

Jioni moja mkewe, Shifa, alimburuta mpaka ufukweni pale Mama Ngina wakale mihogo ya kuchoma. Watu tele, kelele tele. Muuzaji akamuuliza, "N'tie pilipili?" Jaffar akamjibu kwa heshima zote, "Wa alaikumu salaam." Shifa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jaffar naye alicheka, lakini tangu siku hiyo kila Shifa akitaja Mama Ngina yeye alikuwa na kazi nyingi.

Ndipo Bi Mwanakuu akaja na spika mbili za studio, zimeletwa kwa mkokoteni. Mumewe, marehemu Riyadh, alikuwa na chumba cha kurekodia orofani mwao, akirekodi kasida na nyimbo za harusi. Spika hizo za mbao nzito alizinunua ujanani, na zilikuwa za kupimia kazi, si za kujifurahisha: sauti mbovu zilikutolea mbovu vilevile, bila kuipamba. Bi Mwanakuu alikuja na kanda pia. Mwanzo wa kanda, kabla kasida haijaanza, marehemu mwenyewe anasikika akisema, "Haya, bismillahi."

"Kwenye redio yangu huwa kama mtu alotiwa ndani ya mkebe," akasema Bi Mwanakuu. "Nataka kumsikia vile alivyokuwa. Wameniambia wewe una sikio."

Jaffar akagusa ukingo wa spika. Kidole kikarudi cheusi, kinanata, kinanukia nazi.

"Mama, hiki n'nini?"

"Mafuta ya nazi, mwanangu. Kila Ijumaa nazipaka. Zilikuwa zakauka, zakatikakatika, n'kazionea huruma."

"Sponji haipakwi mafuta, mama. Hizi si nywele."

"N'tajuaje mimi? Mlango naupaka, kiti nakipaka, kichwa changu nakipaka, vyote vyanitii. Hizi ndizo zimenifanyia ukaidi."

Shifa alicheka huko ndani. Jaffar alizipokea spika kwa tabasamu. Spika nyingine angeweza kuikosea kidogo, mteja akaondoka ameridhika. Hizi zingesema kila kitu.

Alianza na moja. Akaifuta mafuta kwa spiriti, akakwangua, akapaka gundi, akabandika ukingo mpya, akatia sauti nzito. Khrrr. Akaisukuma karatasi kushoto. Khrrr. Kulia. Khrrr. Jasho likamtoka kwapani na feni i juu yake. Akaizima, akakaa kitako akiitazama. Halafu akaona: upande mmoja gundi haikushika. Mafuta yalikuwa yamenyweka ndani ya karatasi, na ukingo ulikuwa umeteleza.

"Alhamdulillahi!" akasema kwa sauti. Sijapata kusikia fundi aliyefurahia kazi yake kuharibika namna ile. Kosa lilikuwa la mafuta, na mafuta yana dawa. Aliubandua ukingo, akaisugua karatasi kwa spiriti mpaka nazi yote ikatoka, lakini na karatasi nayo ikawa nyembamba, ukiielekeza dirishani unauona mwanga. Alimwonyesha Shifa. Alimwambia kwamba ikibanduliwa mara nyingine itararuka, na ya kufanana nayo haipatikani.

Mara ya pili gundi ilishika pande zote. Akatia sauti. Khrrr.

Akaweka ncha za vidole juu ya karatasi. Koili ikikwaruza, vidole navyo huhisi, kuna chembechembe kama za mchanga zinapita chini yake. Vidole havikuhisi kitu. Karatasi ilikuwa ikicheza laini. Lakini masikioni, khrrr, vilevile, na kila alipoongeza sauti mkwaruzo nao uliongezeka.

Lilikuwa limebaki jambo moja, ambalo hata mtoto angelifanya: azibe sikio la kushoto kwa kidole asikilize kwa la kulia peke yake. Mkwaruzo ukibaki, ubovu ni wa spika. Ukiondoka, basi ubovu si wa spika, ni sikio lenyewe linalokwaruza. Alikiinua kidole mpaka karibu na taya, akajikuna ndevu, akakishusha. Usinicheke ukidhani ni jambo jepesi. Mtu aweza kukaa na wasiwasi mwaka mzima, lakini kuujua ukweli huchukua kufumba na kufumbua, na huo ndio uliomtia hofu.

Badala yake alimwita Shifa. Akaja na unga mikononi.

"Sikiza hii. Wausikia mkwaruzo?"

Shifa akasikiliza. Sauti ilikuwa nzito na safi, ikimgonga kifuani. Hakusikia mkwaruzo wowote. Akageuka kumwambia hivyo, akaiona sura ya mumewe: midomo imemkauka, macho yanamwomba.

"Nausikia," akasema. "Kidogo."

Jaffar alipona papo hapo. Alikula chakula cha mchana akaongeza, akamtania mkewe kwamba wali wake siku hizi una chumvi kama maji ya bahari pale Liwatoni, akaingia msalani akiimba. Shifa ndiye aliyeshindwa kula. Alitazama sahani yake akijiambia kwamba neno moja dogo halina madhara, mwache mwanamume apumzike.

Alikuwa akiosha vyombo alipoisikia harufu ya spiriti. Akatoka mbio na mikono yake imelowa. Jaffar alikuwa ameilaza spika mapajani, kisu cha kubandulia kiko kwenye ukingo.

"Wafanya nini?"

"Naubandua. Si umesikia mwenyewe? Kuna mahali imekaa upande."

"Ulisema karatasi itararuka!"

"Ikiraruka na iraruke. Afadhali hiyo kuliko..." Hakumaliza.

Shifa alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu zote. Alijua kwamba alichotaka kusema hakitarudi kikishatoka.

"Wacha, Jaffar. Sikusikia kitu."

"Hukusikia nini?"

"Mkwaruzo. Hakuna mkwaruzo. Spika yalia safi. N'likuongopea, n'likuona uso wako n'kaogopa."

Hakumkemea. Shifa alingoja akemewe, na kukemewa kungalikuwa nafuu. Jaffar alikiweka kisu chini, akaipandisha spika mezani, akaunga nyaya, akatia kanda ya Bi Mwanakuu. "Haya, bismillahi," akasema Riyadh, na khrrr ikapita juu ya sauti yake. Jaffar akairudisha kanda nyuma. Kidole chake kilipanda polepole, kikafika sikioni, kikaziba.

"Haya, bismillahi."

Ilitoka safi kabisa, na pumzi ya marehemu kabla ya neno, na kiti chake kikilia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akakaa mkekani na kidole bado sikioni, kisha akakitoa.

"Naogopa, Shifa," akasema.

Shifa akakaa karibu naye, akaanza kumsemesha kwa sauti ya chini: kwamba waende kwa daktari kesho, kwamba huenda ni nta tu, kwamba yeye yupo. Jaffar alikuwa akimtazama midomo inavyokwenda. Akamgusa mkono anyamaze, akaugonga mkeka upande wake wa pili.

"Hamia huku kulia," akasema. "Huko sikusikii."