Anwani Moja kwa Pacha Wawili

Kwetu Usukumani pacha hawapunjwi. Ukimnunulia mmoja kanga, na mwenzake kanga, ya rangi ileile. Ukimchapa mmoja, na mwingine anachapwa, hata kama wakati wa kosa alikuwa kanisani. Mama yangu alishika mwiko huo kuliko amri kumi. Aliamini mmoja akizidishiwa, mwenzake ataugua, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kujaribu.

Majina yetu siyataji. Pacha wa huku wanaitwa majina yaleyale kila kijiji, nikitaja sitakuwa nimekusaidia kitu. Dada yangu alinitangulia kuzaliwa, basi, akajifanya mkubwa tangu siku hiyo.

Tatizo langu lilikuwa michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, halafu vikapikwa. Dada yangu ukimpa hivyo na karanga anasahau hata kuaga. Mimi hapana. Vinanikwama kooni. Lakini mama alipompikia yeye, na bakuli langu lilikuwa pale, limejaa sawasawa na lake, nami nikala tangu utotoni mpaka utu uzima bila kulalamika. Ukikataa unaambiwa unamtakia mwenzako homa.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, dhahabu iliwatia watu wazimu. Makampuni ya utafiti yalijaa Geita na Kahama, na kila kijana alitaka barua ya kuomba kazi iliyochapwa vizuri. Mimi na dada tukafungua kazi ya kuchapa nyumbani kwa mama, hapa Shinyanga mjini. Tulianza na kompyuta moja chakavu yenye printa. Baadaye tukanunua mbili nyingine kwenye duka la Mhindi mmoja, siku ileile, zinafanana kama sisi. Mama alizitazama akacheka mpaka akashika ukuta. "Hizi nazo pacha!"

Fundi alitoka Mwanza kuja kuziunganisha, ili zote zitumie printa ile moja. Akapitisha waya mweusi kutoka sebuleni, ilipokaa printa na ile kompyuta chakavu iliyobaki kuiendesha tu, mpaka chumbani kwa dada, kisha mpaka varanda ya nyuma, kwangu. Akatufafanulia kwamba kila mashine inapewa anwani yake ya tarakimu, na anwani ile haibadiliki, ili kazi ikitumwa ijue imetoka wapi na inakwenda wapi. Ya printa akaipa namba moja mwishoni. "Hizo mbili malizieni wenyewe," akasema, "mwanzo wote ufanane na huu, mwisho tu ndio..." Honi ya basi ikapigwa barabarani, akabeba begi lake huyo, mbio.

Nikaanza na ya dada. Mwisho nikaandika kumi. Nikaja kwangu, nikaandika kumi na moja. Mama alikuwa kando yangu anamenya karanga.

"Mwenzako umempa ngapi?"

"Kumi, mama."

"Na wewe?"

"Kumi na moja."

Mikono ikasimama kwenye karanga. "Kwa nini umejizidishia?"

"Mama, hizi ni namba tu."

"Hata ndui ilianza na kipele tu. Wape sawa."

Nani abishane na mama? Tena moyoni niliona ana haki. Fundi si alisema zifanane? Nikafuta moja, nikaweka sifuri. Kumi na kumi. Mama akarudi kwenye karanga zake ameridhika.

Ndipo balaa likaanza. Siku mashine yangu inachapa bila shida, ya dada inagoma, printa haimtambui kabisa. Kesho yake ya dada inakwenda kama maji, yangu imenuna. Tulipowasha kilitokea kwenye skrini kisanduku cha maneno ya Kiingereza, nasi tulikifunga bila kukisoma, kama mtu anavyofukuza nzi. Baada ya muda tukagundua jambo moja tu: anayewahi kuwasha asubuhi ndiye anayefanya kazi siku hiyo. Basi! Tukawa tunaamka kwa mashindano. Mtu hajanawa uso, hajasalimia, anakimbilia kitufe. Wateja wangu wakirudi bila barua, dada anaimba chumbani. Wake wakirudi, naimba mimi, na sauti yangu ni mbaya kuliko yake.

Kutoka kwenye kuimba tukahamia kwenye matusi.

"Unanichezea mashine yangu," akaniambia.

"Nikuchezee wewe kwa lipi? Hata kazi yenyewe huijui!"

"Sawa. Nahamia Geita. Nitapanga chumba na mashine yangu, tuone nani haijui kazi."

Nilidhani ni maneno ya hasira. Asubuhi moja nikasikia sanduku likiburutwa chumbani kwake. Mama alikuwa mlangoni, amekaa chini kabisa, kanga imemteleza kichwani wala haioni. Baba alishafariki, na sisi wawili ndio watoto aliojaliwa. "Mlichangia tumbo," akasema, "mnashindwa kuchangia waya?"

Mimi nikaenda varandani kwa hasira, nikakaa mbele ya mashine yangu iliyonuna tangu alfajiri. Moyo uliniuma, sifichi. Hatukuwahi kulala miji tofauti hata mara moja, na sasa tunaachana kwa sababu ya printa! Kule chumbani nikasikia dada anazima mashine yake ili aifungashe. Nikawasha yangu upya, nikatuma barua iliyokwama, basi tu, mikono ipate cha kufanya.

Printa ikakohoa sebuleni. Karatasi ikatoka.

Nikatuma nyingine. Ikatoka.

"Dada," nikaita. "Hebu washa yako."

"Niwashe ya nini? Naondoka."

"Washa, nakuomba. Halafu uondoke."

Nikamfuata chumbani, akawasha, anasonya. Kile kisanduku kikamtokea, na safari hii nikamshika mkono asikifunge. Tukaketi kwenye kitanda kimoja, juu ya nguo zake zilizokunjwa, tukasoma neno kwa neno, na lile lililotushinda tukalitafuta kwenye kamusi. Kilikuwa kinatuambia kila siku, maskini: anwani hii inatumiwa na mashine nyingine. Ya kwanza kuwaka ilijichukulia anwani, ya pili ikafungiwa nje.

Tukatazamana. Dada ndiye aliyeanza kucheka, mimi nikafuata, tukacheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Sasa kazi ikawa mama. Tulimweleza taratibu kwamba lazima mmoja abadilishe, kwamba mashine hizi zikipewa sawa ndipo zinapougua. Akasikiliza bila kutikisika. Akatazama sanduku, akanitazama mimi, akamtazama dada kwa muda.

"Nani atachukua ile ya zaidi?"

"Yeye," dada akasema, akanielekezea kidole. "Mimi mkubwa, natangulia."

Mama akashusha pumzi. "Haya. Kila mtu na yake."

Nikaandika kumi na moja. Mashine ikataka izimwe na kuwashwa tena, nikatii. Halafu tukatuma kwa pamoja, yeye kutoka chumbani, mimi kutoka varandani, na mama kasimama sebuleni mbele ya printa, mikono kifuani. Ikatoka ya dada. Ikatoka yangu.

"Zimetoka zote!" mama akapiga kelele. "Zote mbili!" Nikapata ahueni ile ya mtu aliyetua gunia. Nilipopita chumbani, dada alikuwa anarudisha nguo kabatini, ananung'unika kwamba Geita kwenyewe kuna vumbi.

Mchana mama alipakua chakula. Mbele ya dada akaweka bakuli la michembe na karanga, limejaa. Mbele yangu akaweka wali na maharage. Nikadhani amekosea. Nikamtazama dada, dada akamtazama mama.

"Kula," mama akaniambia, hanitazami. "Tangu umeota meno najua huipendi."