Ndama wa Wifi Yangu Nilimuua kwa Njaa

Naandika haya nikiwa na hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nilimuua ndama kwa njaa huku maziwa ya mama yake yakijaza ndoo kila asubuhi! Jina langu sisemi, ila niko huku Mtinko na wapo watakaonijua.

Kikundi chetu cha akina mama kina utaratibu wa kupeana ng'ombe wa maziwa. Ukipewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, ndama jike wake wa kwanza unamlea mpaka aache kunyonya, kisha unampa mwenzako anayefuata kwenye orodha. Aliyenifuata mimi alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu.

Ng'ombe alipozaa jike, nilinuna. Wifi akawa anapita kila jioni, anamshika ndama masikio, ananiuliza, "Mtoto wangu ameshindaje?" Mtoto wake! Majani nakata mimi, maji nabeba mimi, yeye anakuja kubembeleza tu.

Tulifundishwa vizuri: anyweshwe maziwa hadi miezi mitatu, pumba azizoee taratibu. Mimi wiki ya tatu nikamkatia. Nikawa namkorogea uji wa pumba na mashudu ya alizeti, maziwa nikayapeleka sokoni. Nilijiambia ndama wetu wa kienyeji wanakua kwa kubahatisha, huyu wa kisasa ana nini cha kudekezwa? Upumbavu mtupu!

Akaanza kuharisha. Manyoya yakasimama, tumbo likavimba, mbavu zikawa za kuhesabika. Nikamwambia wifi ni minyoo. Akaenda mwenyewe kumwita bwana mifugo. Yule bwana akampapasa ndama, akachungulia ndoo yake, akaniambia mbele ya wifi, "Mama, huyu haumwi minyoo. Huyu ana njaa."

Tulimrudishia maziwa, lakini tulishachelewa. Siku ya pili akafa.

Wifi hakunitukana. Aliniuliza tu, "Si ungeniambia hutaki kunipa, nikasubiri wa mtu mwingine?" Badala ya kumwomba radhi, nikazidi kumchukia.

Kikundi kikakaa, kikaamua ng'ombe wangu aende kwake. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyemswaga hadi kwa dada yake. Sasa banda ni tupu, na watoto wanakunywa chai ya rangi. Juzi wifi aliwaletea maziwa, wakayagombania. Mimi nikanywa chai yangu ya rangi.

Wewe unayelea ndama wa mwenzako, mpe maziwa yake yote! Kama una kinyongo na mtu, kamwambie usoni, hata mtukanane. Usikimalizie kwa kiumbe kilichofungwa kamba, kinachokutegemea wewe kwa chakula chake. Yule ndama, mpaka asubuhi ile ya mwisho, alikuwa akisikia hatua zangu anajikongoja anasimama.