Waliodai Mwisho wa Hadithi

Kazi yangu ni kusoma vitabu na kuvisema. Kila Jumamosi gazeti moja hunipa nusu ukurasa, nami huandika juu ya riwaya mpya za vijana, hasa zile za falme zisizokuwepo, za majini na panga zinazong'aa, na zile za vyombo vya angani na miji ya zama zijazo. Sina subira, na sioni haya kusema hivyo. Nachoka na mabinti wa kifalme wanaopigana vita kitabu kizima na hawafui nguo hata siku moja. Nachoka na vyombo vinavyoelea angani miaka nenda miaka rudi na ndani hakuna anayelalamika njaa. Mwandishi akiniletea utabiri wa kale juu ya kijana mmoja asiyefanana na wenzake, nakifunga kitabu nakwenda kupika.

Wasomaji husema nina ulimi mkali. Ulimi wenyewe haukuwa wangu peke yangu. Nusu yake ilikuwa ya mtoto wa dada yangu.

Mimi na dada yangu tunakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu, ngazi moja, yeye ghorofa ya pili na mimi ya nne. Mimi sikujaaliwa kuzaa. Yeye alijaaliwa binti mmoja tu, na binti huyo alizaliwa na sikoseli, ugonjwa wa damu ambao ukiamka unaingia kwenye mifupa, na mtu hana pa kujishika. Macho yake yalikuwa ya manjano kidogo, miguu myembamba, na alikatazwa kukimbia, kulowa mvua na kukaa penye baridi. Kwa hiyo alisoma. Alipanda ngazi kuja kwangu polepole, kila baada ya vidato vichache anasimama na kutazama chini, kama kwamba kuna mgeni anamsubiri. Akifika alikaa sakafuni na kulipekua rundo la vitabu nilivyoletewa na wachapishaji. Aliniita mama mdogo, lakini mbele ya watu alijitambulisha kuwa ni bosi wangu.

Tulikuwa na mapatano. Yeye asome kabla yangu, anipe maoni yake, na ujira wake ni bakuli la urojo lenye bajia za ziada. Nilikuwa nimeshavuka arubaini, na sikuona vipi ningeweza kumhukumia kitabu mtu wa miaka kumi na sita bila ya kumuuliza mwenyewe. Maneno yake mengi niliyatia gazetini kama yalivyo, naye Jumamosi aliyasoma kwa sauti kubwa, akijisifu.

Kitu kimoja alikuwa hakisamehe. Akikutana na mgonjwa ndani ya kitabu, aliinua kichwa.

"Mama mdogo, kuna mgonjwa humu. Unasemaje, wa kupona au wa kuzikwa?"

"Sijafika huko."

"Mie nshajua. Wa kuzikwa. Kashaanza kusema maneno ya hekima."

Hakuwa akikosea. Katika vitabu hivyo wagonjwa ni wa aina mbili. Wapo wanaoponeshwa na ua la ajabu au mashine ya kigeni, na wapo wanaokufa katikati ya kitabu ili wazima wapate funzo na nguvu za kuendelea. Yeye alimtaka wa aina ya tatu.

"Nnataka anaeumwa mwanzo, anaeumwa katikati, na mwisho yupo na bado anaumwa. Basi. Kigumu kitu gani hapo?"

Tulimtafuta pamoja miaka yote ile. Kila kifurushi kikifika alianza kumtafuta mgonjwa wake kabla hajatazama hata jina la mwandishi, nami niliomba kimoyomoyo kuwa safari hii awemo. Hatukumpata.

Mwaka jana, kabla ya kipupwe, mchapishaji mmoja wa bara aliniletea riwaya ambayo ilikuwa bado haijatoka. Zilikuwa karatasi tu, zimeunganishwa kwa waya, na nilitakiwa nisimpe mtu. Nikampa. Sikuwahi kumhesabu kuwa ni mtu wa nje. Ilikuwa hadithi ya zama ambazo bahari imepanda ikafunika miji, na ndugu wawili wa kike, mayatima, wanasafiri kwenda mji wa mlimani ambako inasemekana kuna udongo mkavu. Dada mtu ni mzima na shujaa. Mdogo mtu ana kifua kibovu, havuti pumzi vizuri bila barakoa yake ya hewa, lakini ni fundi wa redio na mdomo wake haukai kimya.

"Huyu hasemi hekima hata moja," aliniambia, uso umemchangamka. "Kazi yake kuwacheza watu shere. Mama mdogo, mie nahisi tumempata."

Siku ya pili yake alipanda na zile karatasi, akazitupa kitandani kwangu.

"Nshamzika na huyu."

Katikati ya kitabu, hewa inapowaishia, mdogo mtu anaivua barakoa yake, anamvisha dada yake, na anakufa huku anatabasamu. Nilimwambia kuwa ukurasa ule umeandikwa vizuri, na kweli umeandikwa vizuri, mimi mwenyewe ulinitoa machozi.

"Umelia, umenawa uso, umekwenda kula," alisema. "Yeye kafa."

Nikamwambia kuwa kazi ya mhakiki ni kukisema kitabu kilivyo, si tunavyotaka sisi kiwe.

"Basi kiseme kilivyo. Sema kimeuwa mtu bure."

Hakutaka kuendelea kukisoma. Urojo alikula, hasira zake hazikuwahi kufika tumboni.

Kipupwe kikaja, na baridi ndiyo iliyokuwa adui yake mkubwa. Ilianza kwa mguu, ikapanda kifuani. Tulimpeleka hospitali, akatiliwa maji, akaongezewa damu, na mimi na dada yangu tukawa tunapokezana pembeni mwa kitanda tukimkanda miguu. Alifariki asubuhi, jua limeshatoka, wakati chai ya wagonjwa inagawiwa. Aliyekuwa akigawa aliweka kikombe juu ya kikabati chake, hakuwa amejua bado, na mimi nilikishika kikombe kile mpaka kikapoa. Sijui kuusema uchungu ule vizuri. Mimi ninayewakosoa waandishi kwa vifo walivyovieleza vibaya, hiki sikiwezi.

Kwetu, kabla maiti hajasaliwa, mtu wa karibu yake husimama mbele ya jamaa waliokusanyika msikitini na kutangaza kuwa kama yupo anayemdai marehemu, basi amsamehe, au aje kwa wafiwa alipwe, ili asiende akafungwa na haki ya mtu. Kaka yetu ndiye aliyesimama. Alitwambia baadaye kuwa alisitasita, kwa sababu mtoto kama yule atakuwa anadaiwa nini na nani? Lakini ada ni ada, akatangaza. Hakuna aliyeinua mkono.

Siku ya khitma, wageni wameshaondoka na masinia yameshaoshwa, walibisha hodi wasichana watatu wa skuli yake. Mmoja alikuwa mrefu, anakaa Mwanakwerekwe. Mwengine alikuwa binti wa Kihindi, baba yake ana duka la vitambaa mjini. Wa tatu alikuwa wa Tumbatu, amekuja kwa shangazi yake kusoma. Wakatoa shikamoo, tukaitika marahaba, wakakaa mkekani wamebanana. Nilidhani wamekuja kutoa pole tu.

"Kaka yangu alikuwako msikitini," alisema yule mrefu. "Kasema imetangazwa, anaemdai aje kwa wenyewe."

Dada yangu, aliyekuwa kitako juu ya godoro tangu siku ya kwanza, aliivuta kanga yake vizuri.

"Naam. Anadaiwa nini mwanangu? Semeni tu, msione haya."

Yule mrefu akajibu kwa niaba yao.

"Hadithi, Bi. Hajatumalizia."

Wakaeleza, huyu akimkata kauli huyu. Kipindi cha michezo yeye alikuwa hakimbii, akikaa barazani nyuma ya maabara, na wao wakawa wanakaa naye. Huyu wa Tumbatu alijitia ana goti bovu muhula mzima ili asikose. Hapo ndipo alipowahadithia hadithi ya bahari iliyopanda na ndugu wawili. Wameuliza maduka ya vitabu, hakuna anayeijua.

Mimi nikaijua mara moja. Nikahesabu kuwa wameishia kabla ya ule ukurasa wa kifo, na nikawaza vipi nitakaa katika nyumba ile, siku ile, niwasimulie mtoto mgonjwa anayekufa akitabasamu. Nikauliza wameishia wapi.

"Wameshapita pale hewa ilipowaishia," alisema binti wa Kihindi. "Mdogo mtu katoa barakoa ampe dada yake, dada yake kakataa. Wakawa wanavuta kwa zamu, huku wanagombana nani kavuta sana."

"Halafu akaumwa mlimani," alisema wa Tumbatu, "akalala siku nyingi, macho yake yale ya manjano. Lakini akaamka. Sasa wamefika mlangoni, ngazi ndefu, na yeye kila baada ya kidato anasimama anajitia anatazama mandhari."

Mwandishi hakuandika hata sentensi moja ya hayo. Katika karatasi zangu msichana yule alikuwa ameshazikwa tangu katikati. Barazani nyuma ya maabara alikuwa amefufuliwa, amepewa macho ya manjano, na anaendelea na safari.

"Mlinzi wa mlango kasema wanaoingia ni wazima tu," alimalizia yule mrefu. "Hapo kengele ikalia. Wiki ile ile akalazwa. Bi, sisi tunataka kujua tu kama aliingia."

Dada yangu alinigeukia. Alijua kuwa vitabu ni vyangu, na alidhani jibu liko ghorofa ya nne.

Sijawahi kutunga hadithi. Naweza kuitoboa ya mwenzangu mpaka ikavuja, lakini kuunda hata ya sungura sijui. Nilijua pia kuwa siku moja kitabu kitafika madukani na wasichana hawa watauona ukurasa ule. Na wauone. Tahakiki niliyoipeleka wiki iliyofuata ilikuwa fupi kuliko zote nilizopata kuandika, na sentensi yake ya mwisho si yangu, inasema kimeuwa mtu bure.

Nikaanza. Nikasema mdogo mtu hakubishana na mlinzi. Alisikia redio ya mlinzi inakoroma, akamwambia hiyo waya zake zimelegea, akakaa pale pale mlangoni kuitengeneza. Na kwa kuwa alikuwa akichoka haraka, kazi ilikwenda polepole, leo skrubu moja, kesho moja. Akaletewa kiti. Kiti kikasogezwa ndani kwa sababu ya upepo. Watu wa mji wakaanza kumletea redio zao na kukaa naye kupiga soga, na redio ya mlinzi ilipopona, hapana aliyekumbuka kuwa msichana yule hakutakiwa kuingia.

Wakacheka. Binti wa Kihindi alijiziba mdomo, akakumbuka kuwa yuko msibani.

"Na dawa?" aliuliza dada yangu.

Tukamgeukia sote.

"Dawa zake huko juu anampa nani?"

"Dada yake, Bi," alisema wa Tumbatu, kwa upole. "Mama yao hayupo."

"Anakumbuka? Maana hizo zina saa zake."

"Anakumbuka," nikasema. "Hajasahau hata siku moja."

Dada yangu akatikisa kichwa kuwa ni sawa, na akanifanyia ishara niendelee. Nikanywa maji. Nikaendelea. Nikamfungulia mdogo mtu duka la redio. Nikataka kumuoza, yule mrefu akakataa, akasema mwenyewe alikuwa hataki mume mpaka amalize vitabu vyote, basi nikamwacha na vitabu vyake. Nikamtia mvi. Nikamnenepesha kidogo. Nikampa wanafunzi wa kuwagombeza. Yote ambayo hatukupata kuyaona kwake nilimpa yule msichana wa watu, moja moja, sikuwa na haraka hata kidogo.

"Na mwisho yupo?" aliuliza wa Tumbatu.

"Yupo."

"Bado anaumwa?"

"Bado anaumwa. Kuna siku anafungua duka, kuna siku halifungui."

Chini watoto walikuwa wanacheza mpira, na mama mmoja alikuwa akiwaita kwa hasira. Halafu yule mrefu akajiweka sawa mkekani, akasema kama alivyofundishwa nyumbani kwao, maneno yanayosemwa na anayemfungua maiti:

"Tumeridhika. Deni lake limekwisha. Hatumdai tena."

Dada yangu aliitikia, "Alhamdulillahi," akawashika mikono mmoja mmoja, akawashukuru kwa kumfungua mwanawe. Uso wake ulikuwa na utulivu ambao sikuuona tangu hospitali. Mimi nilikusanya vikombe nikaenda navyo jikoni, nikafungua bomba ili nisisikiwe. Nililia, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyekuwa akimsubiri.